Utetezi wa Mzazi Ni Kazi ya Daftari

Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu hajiandikishi kuwa mtetezi. Kazi humkuta mlangoni mwa shule, siku mwalimu mkuu anapomwambia: hapa hatuna uwezo wa kumpokea huyu, jaribuni kwingine. Anabishana, anapandisha sauti, pengine machozi yanamtoka, kisha anaondoka. Baada ya wiki mbili hakuna mtu ofisini anayekumbuka alikuja lini wala alijibiwa na nani. Wengi husema baadaye kwamba walipaswa kufoka zaidi. Mimi naamini walipaswa kutoka pale na karatasi yenye maneno ya mwalimu mkuu, tarehe na sahihi yake.

Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki ya mtoto nayo hupotea hivyo hivyo, tena polepole, maana safari ni ndefu. Maofisa watahamishwa, madaktari watastaafu, walimu watabadilika kila mwaka, na mzazi atabaki peke yake kama shahidi aliyekuwepo tangu mwanzo. Kichwa cha mtu hakibebi miaka 20 ya tarehe na majina.

Faili lenyewe

Chukua faili la matundu, lile linaloongezwa kurasa, uligawe sehemu tano: afya, shule, vifaa, barua na kumbukumbu za kila siku. Katika kila sehemu karatasi mpya ikae juu. Nakala halisi hazitoki nyumbani. Ofisini zinakwenda nakala za mashine. Karatasi laini za risiti na za mashine za vipimo hufutika maandishi baada ya muda, kwa hiyo zipige picha siku hiyo hiyo, na jina la picha lianze na mwaka, mwezi, siku, ili zijipange zenyewe kwa mfuatano.

Karatasi inayopotea kuliko zote ni ile ya kuruhusiwa kutoka hospitali baada ya mama kujifungua: uzito wa mtoto, wiki za mimba, kama alichelewa kulia, kama alipata umanjano, siku alizolazwa. Mtoto akiwa na miezi sita inaonekana takataka. Akiwa na miaka 16, daktari wa watu wazima anayemwona kwa mara ya kwanza ataiulizia kabla ya jambo jingine lolote.

Ukurasa wa mbele kabisa uwe mmoja tu, unaoweza kusomwa kwa dakika mbili na mwalimu mgeni au muuguzi wa zamu ya usiku. Jina analopenda kuitwa. Anavyosema ndiyo, anavyosema hapana. Kinachomtuliza na kinachomtisha. Namna ya kumlisha, kama ana shida ya kumeza. Dawa, kipimo na saa zake. Mzio. Namba mbili za simu. Jina la hali yake ningeliweka chini, kwa sababu msomaji akikutana na "mtindio wa ubongo" au "usonji" kwenye mstari wa kwanza, mara nyingi huacha kusoma yaliyobaki akidhani ameshamjua mtoto.

Kumbukumbu za kila siku ndizo zinazomfanya daktari afanye kazi. "Anaanguka sana siku hizi" hakumpi pa kushika. Lakini "degedege mara 11 ndani ya siku 30, mara 8 kati ya hizo alfajiri kabla ya dawa ya asubuhi, kila moja chini ya dakika 2, huanzia mkono wa kushoto" kunaweza kubadilisha saa za dawa siku hiyo hiyo. Andika ilipoanza, ilipoisha, upande uliotangulia, na mtoto alivyokuwa baadaye: alilala, alichanganyikiwa, mkono ulilegea kwa muda gani. Video fupi ya simu humsaidia daktari kuliko masimulizi ya nusu saa. (Ikipita dakika 5, weka simu ya kurekodi chini. Hiyo ni dharura.)

Barua

Ukurasa mmoja, ombi moja. Anza na mtoto ni nani na yuko darasa gani. Kisha kilichotokea, kwa tarehe. Kisha unachoomba, na siku unayotaka jibu la maandishi. Siku 14 ni muda ambao hakuna ofisi inayoweza kusema umeionea. Malizia kwa kifungu cha sheria.

Kosa la kwanza ni kupakia maombi manne kwenye barua moja. Ofisi itajibu lile jepesi, na matatu yaliyobaki yatakufa huku rekodi zao zikionyesha kwamba ulijibiwa. Kosa la pili ni matusi, hata yale ya adabu. Barua yako ipo siku itasomwa na mtu asiyekujua, mkaguzi au hakimu, baada ya miaka mitatu. Mwandikie huyo.

Nenda na nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi nawe. Wakikataa kugonga, andika nyuma ya nakala yako jina la aliyepokea, tarehe, saa na dirisha, palepale mbele yake. Ajabu ni kwamba muhuri mara nyingi hupatikana wakati huo. Mazungumzo ya simu nayo yageuze maandishi siku hiyo hiyo, mistari mitatu inatosha: "Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo saa 4. Nimeelewa kwamba mwanangu atahamishiwa chumba cha chini kuanzia Jumatatu. Kama nimekosea, naomba unisahihishe." Akinyamaza, una ahadi.

Kuhusu sheria: nchi nyingi zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika 3 Mei 2008. Ibara ya 24 inahusu elimu jumuishi. Ibara ya 2, ambayo wazazi huiruka, inasema kwamba kunyima marekebisho yanayofaa ni ubaguzi, mradi marekebisho hayo hayaitwishi taasisi mzigo uliopita kiasi. Kwa hiyo shule ikisema haina uwezo, swali lako la maandishi liwe: uwezo wa kufanya nini hasa? Kisha orodhesha vitu kwa majina. Dawati la mbele upande wa dirisha. Karatasi za herufi kubwa. Robo ya muda ya nyongeza kwenye mtihani. Darasa lishuke kutoka ghorofani. Ni vigumu kwa mtu kuandika kwamba hana uwezo wa kuhamisha dawati. Ila tanguliza sheria ya nchi yako, mkataba ufuate nyuma, kwa sababu ofisa wa kawaida huogopa zaidi sheria anayoweza kushtakiwa nayo mahakama ya karibu.

Vifaa, na hila zake

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo utetezi mwingi unapoishia kwenye picha ya kukabidhiwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 kuhusu viti mwendo vya kusukuma kwa mkono inataja hatua nane za huduma: rufaa na miadi, tathmini, uchaguzi wa kiti, fedha na kuagiza, kukiandaa, kumkalisha mtumiaji na kurekebisha, mafunzo, kisha ufuatiliaji na matengenezo. Hafla ya kugawa viti hufanya hatua moja, au mbili ikijitahidi. Mzazi anayejua zipo nane anaweza kuuliza nyingine ziko wapi.

Vipimo chukua mwenyewe kabla ya kwenda. Upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga mtoto akiwa ameketi. Kina cha kiti ni umbali kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukitoa kama sentimita 3. Kina kikizidi, ncha ya kiti humgusa nyuma ya goti, naye huteleza mbele ili kukwepa, mgongo ukajikunja. Walimu wakaandika kwamba ni mvivu wa kukaa. Upana ukizidi, kwa ile hesabu ya "atakua nacho", huegemea upande mmoja mwaka mzima na uti wa mgongo hufuata. Sehemu za miguu zikiwa chini mno, miguu huning'inia na uzito wote huhamia chini ya mapaja. Pima upya kila baada ya miezi 6 wakati anakua, uandike kwenye faili. Safu ya vipimo vinne vinavyopanda ni hoja tosha ya kuomba kiti kipya.

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi (spina bifida) huenda asihisi makalio yake kabisa. Kila jioni angalia ngozi ya makalio, nyonga na visigino. Kwa ngozi nyeupe utaona wekundu usiofifia. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo gusa: panapochemka, pagumu au peusi zaidi ya jirani yake ndipo kidonda cha mgandamizo kinapoanzia. Hadi doa hilo lipone, asilikalie. Kwenye barua ya kuomba kiti, taja na mto wa kukalia. Usipoutaja, hautakuja.

Njia ya mteremko nayo ina hesabu yake. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, yaani mteremko wa mita 5.4. Fundi asiyeambiwa atamwaga zege mita 2 na kazi itahesabiwa imekwisha. Mtoto hawezi kupanda mwinuko huo peke yake, na akishuka kiti kinamkimbia. Juu panatakiwa tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5, la sivyo mlango unaofunguka nje utamsukuma arudi chini. Upana wa mlango, ukiwa wazi, usipungue sentimita 80. Halafu nenda kaangalie choo kabla hujashukuru. Shule inaweza kuwa na mteremko mzuri na choo chenye kizingiti, na matokeo yake ni mtoto anayekataa kunywa maji tangu asubuhi. Kwa wasichana waliovunja ungo, choo hicho ndicho kinachoamua kama wataendelea na masomo.

Vikaoni

Nenda na mtu wa pili. Kazi yake ni kuandika tu, asichangie. Mzazi anayeandika na kuongea kwa pamoja hufanya vyote viwili vibaya. Karatasi ikiletwa ya kutiwa sahihi, omba siku mbili za kuisoma nyumbani. Ukilazimika kusaini palepale, andika "nimehudhuria" kando ya sahihi.

Kipimo cha kikao ni malengo mliyotoka nayo. "Kuboresha mawasiliano yake" hakuna atakayeshindwa nalo wala kulifikia. Lidai liandikwe hivi: ifikapo mwisho wa muhula, akionyeshwa picha 2 atachagua anachotaka kwa kuitazama au kuigusa, mara 8 kati ya 10, kwa wiki 3 mfululizo, bila kushikwa mkono, mwalimu fulani atarekodi kila Ijumaa. Nani, nini, mara ngapi, lini, nani anaandika. Lengo la namna hiyo likishindikana, angalau mnajua pa kuanzia mazungumzo yanayofuata.

Mzazi kupata kiti katika kikao cha namna hii ni jambo lililodaiwa. Pennsylvania, Marekani, sheria iliruhusu shule kumkataa mtoto asiyefikia "umri wa akili" wa miaka 5. Chama cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili kilishtaki jimbo mwaka 1971, na makubaliano yaliyotokana na kesi hiyo yakafungua milango. Mwaka 1975 ikaja sheria ya nchi nzima iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu ya umma bila malipo, mpango wa maandishi wa kwake binafsi, na mzazi kuwa mmoja wa wanaouandaa.

Lakini anayenifundisha zaidi ni Ilse Heumann. Binti yake Judith, aliyezaliwa 1947, alipata polio akiwa na miezi 18. Umri wa chekechea ulipofika, shule ya Brooklyn, jijini New York, ilimkataa kwa hoja kwamba kiti chake ni hatari moto ukizuka. Akafundishwa nyumbani kwa saa chache kwa wiki. Baadaye, zamu ya sekondari ilipofika, utaratibu ulitaka watoto wa viti mwendo warudi kusomea nyumbani. Ilse na wazazi wenzake waliusukuma mpaka ukabadilishwa, na binti akaingia sekondari mwaka 1961. Mwaka 1970 bodi ya elimu ya New York ilimnyima leseni ya ualimu. Safari hii aliyekwenda mahakamani alikuwa Judith mwenyewe, na leseni akaipata. Miaka ya mbele alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za haki za watu wenye ulemavu. Mama alishika kwanza, kisha akaachia.

Kikundi

Familia tano zinatosha. Vikundi vya wazazi havifi kwa kukosa fedha kama watu wanavyodhani. Hufa kwa sababu kila kitu kiko kwenye simu ya mwanzilishi mmoja. Wekeni watia sahihi wawili, kipindi cha uongozi cha miaka 2, na daftari la kumbukumbu linalohama nyumba kila baada ya kikao. Pangeni mtu wa kukaa na watoto wakati wa mkutano, la sivyo watakuja akina baba wachache na majirani wenye nafasi, na mama anayebeba kazi yote atakosekana. Chagueni suala moja kwa miezi mitatu. Na epukeni ule ugomvi wa zamani wa ulemavu upi ni mzito zaidi. Haujawahi kumpeleka mtoto yeyote shule.

Kikundi kina mlango ambao mzazi mmoja hana. Nchi iliyoridhia mkataba hupeleka ripoti ya kwanza ndani ya miaka 2, kisha angalau kila miaka 4, mbele ya kamati ya wataalamu 18 huko Geneva, na mashirika ya kiraia huruhusiwa kupeleka ripoti zao pembeni. Mafaili matano yaliyotunzwa vizuri ni sura nzima ya ripoti kama hiyo, kupitia shirikisho la watu wenye ulemavu la nchi yenu.

Waiteni pia watu wazima wenye ulemavu, na muwasikilize wanapowakosoa. Kauli yao, "hakuna lolote kutuhusu bila sisi", inawagusa wazazi pia. Sisi hupenda kusema kwa niaba yao muda mrefu kuliko inavyohitajika. Na picha: mtoto akiwa na degedege, akivuja mate, akivishwa nepi, huchangisha fedha haraka, nazo hubaki mtandaoni akiwa na miaka 25.

Kukabidhi

Kuachia huanza mapema. Miaka 3, achague kati ya mashati mawili. Miaka 7, aingie kikaoni dakika kumi za mwanzo aseme au aonyeshe anachopenda shuleni. Miaka 12, ajue jina la hali yake na la dawa yake, kwa kiwango anachoweza. Miaka 14, dakika za mwanzo kwa daktari ziwe zake peke yake, mzazi nje. Huo pia ndio umri wa kuuliza atahamia kwa daktari gani wa watu wazima, kwa sababu kliniki ya watoto itamfunga mlango ghafla.

Ubao wa picha wa mawasiliano, ule wa mtoto asiyeongea kwa maneno, ukaguliwe. Nyingi zina "maji", "choo", "nimeshiba". Hazina "hapana", "acha", "ameniumiza", "sitaki unishike". Majina ya sehemu za siri yawepo, kwa maneno halisi. Mtoto anayehudumiwa mwili na watu wengi kila siku hufundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba kila mkono una ruhusa. Bila maneno hayo hana namna ya kueleza kilichotokea.

Akifikisha miaka 18, katika nchi nyingi sahihi ya mzazi hukoma kuwa na nguvu. Wengi hukimbilia ulezi kamili wa kisheria, ambao humwondolea mtu uamuzi wa karibu kila kitu, na ukishatolewa ni mgumu kuufuta. Ibara ya 12 ya mkataba inaelekeza kwingine: asaidiwe kuamua. Kwa vitendo ni orodha yenye safu tatu: mambo anayoamua mwenyewe, anayoamua akisaidiwa na nani, na yale machache ambayo bado wengine humsimamia. Iandike, ipitieni pamoja kila mwaka, na safu ya tatu ifupishwe kila inapowezekana.

Kisha swali ambalo kila mzazi analala nalo: nikifa je? Andika barua ya maagizo, kurasa tano hadi nane: siku yake inavyokwenda tangu kuamka, chakula kinavyokatwa, anavyoonyesha maumivu, watu anaowapenda, asiotakiwa kuachwa nao, karatasi ziko wapi. Ipitie kila siku yake ya kuzaliwa. Mali ya kumrithisha usiiandike kwa jina lake moja kwa moja kabla ya kumwona mwanasheria, kwa sababu pengine itamkosesha msaada wa serikali, au itamkaribisha ndugu aliyekuwa hajulikani aliko. Usimteue dada au kaka yake kimya kimya. Muulize, na ukubali akisema hapana.

Aliyekubali mpe jaribio. Siku mbili, faili mkononi, wewe mbali na nyumbani. Kila swali atakalokupigia simu kuuliza, mjibu, kisha liandike: ndilo lililokosekana kwenye barua.